Blanketi la Mama Mkwe na Mioyo Sitini na Minne

Jumatatu, 7 Oktoba

Colombe! Colombe wangu! Leo nimeandika jina lake kwenye vumbi la dirisha la kazini, kisha nikalifuta haraka kwa kiwiko, maana Léopold, mhandisi mwenzake, alikuwa anapita. Ndoa yetu haijamaliza mwezi. Bado akicheka nasahau nilichotumwa.

Tunafanya kazi kituo kimoja, kile kinachopiga hesabu za mvua ili watu wa milimani wajue mapema udongo utaporomoka wapi. Yeye ni mhandisi. Mimi nina diploma ya sekondari na ufunguo wa chumba cha seva: naangalia klimatizeri inayopoza hewa, feni na jenereta. Seva mpya ina prosesa yenye mioyo sitini na minne, ndivyo Kifaransa kinavyoziita zile sehemu zinazofanya kazi pamoja. Sitini na minne! Mimi nina mmoja tu, na haukai tena kwangu.

Wiki hii kuna mashindano. Kuna kompilatere mbili, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mhandisi kuwa lugha ya mashine. Colombe ana yake, Léopold ana yake. Hesabu ile ile, mashine ile ile. Ya nani itamaliza mbele? Léopold ametangaza mbele ya watu kwamba bibi yangu ni mzuri lakini kompilatere yake iko na miguu ya kobe. Nikamjibu kwamba kobe hufika. Akauliza: kesho ao kesho kutwa? Wakacheka wote.

Colombe ametoka chumba cha seva akitetemeka. Anasema baridi ya mule inauma kuliko ya Juni. Nimempulizia vidole. Furaha iliyoje!

Jumanne, 8 Oktoba

Balaa! Mkurugenzi wetu, Papa Xavier, amesema atakayeshinda ataenda Kinshasa miezi minne kuipanga mashine ya wenzetu. Miezi minne! Zawadi za arusi hatujamaliza hata kuzifungua.

Colombe alinitazama, macho yanang'aa. Nikapiga makofi kuliko wote. Moyoni nikasema: ashindwe. Mungu anisamehe, ashindwe kidogo tu, kwa upendo.

Nimewaza kutwa nzima. Mtu anayempenda ndege afunge dirisha, ama aliache wazi? Nimeona afunge, ila kwa upole.

Na njia ikaja yenyewe. Colombe aliwahi kunieleza kwamba prosesa ikipata joto inapunguza mwendo ili isiungue. Leo nimemwona Léopold kwenye mashine tangu asubuhi. Basi kesho ni siku ya Colombe, na kesho kutakuwa joto! Mbabula, jiko lile la makaa? Hapana, mimi si mjinga. Blanketi! Tulipewa mengi, na zito kuliko yote ni la mama mkwe, Maman Monique. Lina chui wawili na uzito wa kondoo aliyelowa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeshuka kutoka mtaa wetu wa Kadutu na chui begani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia utelezi mtupu. Dereva wa moto, yaani pikipiki, akaniuliza kama ninapeleka mugonjwa. Nikasema ndiyo. Nimedanganya wapi? Mapenzi ni ugonjwa.

Nimelitundika nyuma ya mashine, mbele ya tundu linalopeleka hewa baridi kwenye seva. Chumba kikawa tanuri la mikate. Nikakaa mlangoni nikisikiliza feni zinavyolia. Ghafla nikahuzunika. Mioyo yote ile inahema, na haijui imekosa nini.

Mchana Léopold akatoka, jasho linamtiririka, ananung'unika. Nikamuuliza huzuni ya nini, na leo si siku yake. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mlango wa ziwa uko wapi. Siku ya nani? Wanajaribu kwa zamu, mara hii, mara ile, kila siku, ili joto wala baridi visimpendelee mtu. Colombe ndiye aliyepanga hivyo.

Bibi yangu mwenye akili! Nilijivuna hadi nikasahau kwamba nimeharibikiwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Matokeo yametoka. Natamani kujificha ndani ya klimatizeri.

Jumanne, kwenye baridi, ya Léopold ilikuwa mbele. Jana, kwenye joto, ilichoka. Inaisukuma mioyo yote kwa nguvu mara moja, prosesa inawaka, mwendo unaanguka. Ya Colombe ilikwenda vile vile, polepole yake, hadi mwisho. Papa Xavier akasema siku za mvua kubwa umeme hukatika na klimatizeri huzimika, kwa hiyo siku ya joto ndiyo siku ya kweli. Utabiri ukifika baada ya udongo, akasema, huo ni tanzia.

Colombe ameshinda. Ningekaa tu nyumbani na blanketi langu, angeshindwa!

Kisha tukaingia wote chumba cha seva, Colombe akaliona blanketi. “Hii si ya mama?” Léopold akaniuliza kama nimehamia mule na chui wangu. Colombe akawaambia wote kwamba Jumatatu alilia baridi, na bwana yake akamletea cha kujifunika. Wakaguna kwa wivu. Nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

Nyumbani, akichambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, Colombe alisema taratibu: “Chéri, blanketi ya kunifunika haiwekwi kwenye tundu ya hewa.” Hakukasirika. Akasema ningemwambia Jumanne kwamba naogopa, angeomba aende mara mbili, mwezi mwezi. Sasa Papa Xavier amekwisha kuwaandikia Kinshasa. Yeye si mashine, akasema, nisimpunguzie mwendo. Nikaushika mkono wake wenye harufu ya samaki, nikaapa: hila basi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemwambia ukweli. Kwamba nitamkosa, kwamba nyumba itakuwa kubwa kupita kiasi. Akalia, nikalia. Ukweli ni mtamu! Nitausema kila siku.

Ila nimeona kwamba ukweli hauzuii safari.

Jumatatu anaondoka. Anatafuta nguo za kupanga, na valizi iko hapa, wazi. Nimeipima kwa macho. Blanketi la Maman Monique likitangulia chini kabisa, haiwezi kufunga. Valizi isipofunga, mtu hasafiri. Safari hii nimefikiria pande zote.