Mpakwa Mafuta wa Stoo

Jumatano, 11 Juni
Jumapili kanisa letu la Tudor linachagua mwenyekiti wa wazee. Lazima niwe mimi. Miaka yote ni Mzee Masha tu, anayekaa ng'ambo ya maji, Likoni, na kufika ibada imeshaanza, eti feri ilijaa. Mimi Kioko, karani wa bandarini, nafika kabla ya mfagiaji, na bado nakalishwa nyuma kando ya spika inayokoroma. Inauma.

Leo nimesoma habari za Samweli na Daudi. Nabii anawapitisha wana wa Yese, anawakataa wote, anauliza kama amebaki mwingine. Amebaki mmoja, yuko na kondoo. Analetwa, anapakwa mafuta, kwisha. Hakuna kura! Nimeiona njia.

Ijumaa, 13 Juni
Nabii nimempata. Ni Ngumbao, yule anayewahubiria abiria pale Feri. Nimempeleka hotelini nikamlisha pilau. Akala, akaongeza. Nikamweleza mpango: awakatae wazee wote, kisha aulize kama amebaki mtu. Akasema atakuja, na atakayeonyeshwa ndiye atakayempaka. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza, au labda ni pilipili.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeshuka mtaa wa Ndia Kuu kutafuta mafuta. Ishaq muuza manukato akanipa ya asmini, akauliza arusi ni ya nani. Nikamwambia haya ni mambo ya kifalme. Akasema hayo ni mafuta ya maharusi, lakini shauri yangu.

Kondoo sina. Nitajificha stoo ya kanisa, niwe napanga viti kwa unyenyekevu. Mke wangu Jael ana kazi moja tu: nabii akiuliza, asimame aseme Baba Beverly, yaani mimi, yuko stoo. Akaniuliza kwa nini nisiombe kura kama watu wengine. Jael haelewi siasa.

Jumapili, 15 Juni
Aibu gani hii.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ngumbao alifika, nikampa chupa, nikaingia stoo. Nikamsikia akiwapita wazee mmoja mmoja: si huyu, wala si huyu. Moyo unanidunda kwa raha. Akauliza kama amebaki mwingine. Papo hapo mlangoni akatokea Mzee Masha, jasho linamtiririka, anaomba radhi, feri ilijaa. Kanisa zima likageuka kumtazama. Ngumbao akammiminia chupa nzima kichwani.

Nikaruka nitoke. Kumbe Tony, anayetunza vyombo vya kwaya, alikuwa ametia komeo kwa nje, watoto wasichezee ngoma. Nikagonga mlango kwa ngumi. Kwaya wakadhani ngoma imeanza, wakapaza wimbo. Kadiri nilivyogonga ndivyo walivyocheza. Masha akapita bila kupingwa, ananukia kama bibi arusi. Jael anasema alikuwa ameshasimama kunitaja, lakini watu walikuwa wanacheza, naye akacheza kidogo.

Jumanne, 17 Juni
Nimemfuata Ngumbao Feri, hasira zimenifika kooni. Nikamkumbusha pilau. Akasema manabii waliolishwa jikoni kwa Mfalme Ahabu walimtabiria ushindi, akaenda vitani akarudishwa maiti. Kwa hiyo yeye amenitendea wema. Kisha akauliza kama nimekula. Sijui ilikuwaje, nikajikuta tena hotelini naagiza sahani mbili.

Alhamisi, 19 Juni
Kosa lilikuwa kumtegemea nabii. Mwenye akili hujitangaza mwenyewe. Nimempata Absalomu, mtoto wa Mfalme Daudi. Kila asubuhi anasimama langoni, anawapokea wenye mashtaka, anawabusu, anawaambia laiti angekuwa mwamuzi yeye. Watu wote wakampenda. Na nywele alikuwa nazo, si mchezo!

Jumapili nitasimama lango la kanisa niwakumbatie waumini kabla Masha hajavuka. Kinyozi hanioni tena mpaka uchaguzi ujao. Jael ameniuliza kama nimefika pale Absalomu anaponaswa kichwa mtini, nyumbu wake anakwenda zake, naye anachomwa mikuki akining'inia. Nimemwambia asinikatize, mimi bado niko langoni.