Kuku Aliyezunguka Kisiwa

Alhamisi, 9 Aprili
Siku ya nne tangu volkano yetu ya Fournaise ipasuke. Lava inateremka polepole kuelekea barabara ya pwani, na kijiji kizima cha Bois-Blanc kinatafuta mahali pa kuitazama huku kikipika na kula. Jumapili mama mkwe anatimiza miaka sabini, na karamu yake itakuwa huko huko. Mwaka jana shemeji Gaëtan alifika mapema, akafunga kamba mitini kushika nafasi, akapata kivuli bora, akakalishwa kando ya mama. Mimi nilikula nimesimama. Mwaka huu hapana!

Ijumaa, 10 Aprili
Nimevuka hadi upande wa Saint-Philippe, ng'ambo ya njia ya lava, na kuku wanane, kuni, sufuria kubwa na kiti cha mama mkwe. Mahali pazuri kuliko pote, nimepazungushia kamba. Nitalala garini nipalinde hadi wenzangu wafike Jumapili. Gaëtan nimemwachia wali tu, ndio saizi yake. Askari kaniambia nirudi, kesho lava itakata barabara. Nimemjibu kwamba mlima huu naujua tangu utotoni, hauna haraka.

Jumamosi, 11 Aprili
Saa tisa alasiri. Imekata. Mbele ya macho yangu! Mimi, kuku na kiti upande huu. Wali, keki, wageni na mama mkwe upande ule. Mke wangu Ginette kapiga simu. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.
"Mama anauliza kiti chake kiko wapi," alisema. "Nimjibu nini?"

Jumapili, 12 Aprili
Nimepika alfajiri, nikazunguka kisiwa kizima, sufuria nimeifunga mkanda kiti cha mbele. Kila kona mchuzi ulipungua. Nimefika saa nane, wameshakula wali kwa samaki wa kopo wa Gaëtan. Mama mkwe, ameketi juu ya kreti, kaonja paja moja.
"Kuku huyu katembea kuliko mimi miaka yote sabini," alisema. "Gaëtan, mpishe mwenzio. Kaa hapa, mwanangu. Kiti changu utaniletea kesho."
Kando yake! Nusura nilie. Lakini kiti? Kwa haraka nimekisahau kule kule, ndani ya kamba.

Jumatatu, 13 Aprili
Ginette anasema nizunguke tena. Kisiwa kizima kwa kiti kimoja! Kukatisha juu ya lava, askari anasema hapapitiki kwa miezi. Askari ni mgeni hapa. Asubuhi nimeitazama lava mwenyewe. Juu imeshakuwa nyeusi, na mimi nina buti za mpira.