Suti ya Anga Saizi Yangu

Jumatatu, 28 Julai 2025
Ijumaa klabu yetu ya sayansi inaigiza kwenye maonyesho ya mkoa, hapa Bariadi. Mada: wanawake na safari za anga. Mwanaanga nani? Shija, mvulana! Mwenyekiti kajiteua mwenyewe. Eti suti nzito, sisi wasichana tushone, halafu tumpungie mkono akipaa. Wenzangu wakaguna. Mimi nilikuwa na hoja tano, mbili za Kiingereza. Nikasema nitaleta sindano.

Naungama hapa tu: nafasi ile naitaka mno. Mwanaanga hasemi neno, na uso umo ndani ya ndoo, ndiyo kofia yake. Mwanamke alifika angani mwaka 1963. Mimi Milembe, kidato cha tatu, sijafika mbele ya darasa.

Jumanne, 29 Julai
Mpango umeiva. Nashona suti saizi yangu. Shija ana mabega ya maksai, hataingia! Nje viroba vyeupe, ndani pamba ili ivimbe. Nimechota ile ya nyumbani inayosubiri kuuzwa. Mama kauliza mbona rundo limekonda. Nikamwambia, mayu, pamba ikikauka hunywea. Akanitazama sana. Amelima pamba tangu hajanizaa.

Jumatano, 30 Julai
Majaribio. Shija kaingiza mguu, kakwama. Akavuta tumbo, akaangukia roketi yetu ya maboksi. Akadai nimemfanyia makusudi. Nikatazama viatu vyangu. Mwalimu Eufrasia, mlezi wa klabu, akauliza suti inamtosha nani. Nikanyoosha mkono. Mkono wote, hadi juu! Shija akasema haya, ila nisije nikalia nikiona watu. Nikamjibu vikali. Nilikuwa ndani ya ndoo, hakusikia.

Ijumaa, 1 Agosti
Maafa! Jukwaa letu limepakana na banda la mifugo. Nikatoka kwa madaha, wenzangu wanahesabu: kumi, tisa, nane. Kumbe pamba yangu ina mbegu. Kila mtoto wa Kisukuma anajua ng'ombe anavyopenda mbegu za pamba. Mimi nilikuwa nawaza anga! Fahali mmoja akakata kamba, akaja taratibu, akanitafuna paja. La suti, namshukuru Mungu. Nikakimbia. Akanifuata. Umati ukamalizia hesabu: tatu, mbili, moja! Mzee mmoja akapaza sauti kwamba mwanaanga anarudishwa zizini. Ndoo ikadondoka.

Uso wangu. Mkoa mzima.

Mgeni rasmi akauliza kwenye kipaza sauti, binti, unaitwa nani na unakimbilia wapi? Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema naitwa Milembe, naenda angani, na mwenye ng'ombe huyu ajitokeze! Makofi hayo! Mama, mstari wa mbele, hakupiga. Alikuwa anatazama pamba yake ikining'inia mdomoni mwa fahali.

Jumapili, 3 Agosti
Tumekuwa wa kwanza! Baada ya misa Mwalimu Eufrasia kanivuta pembeni. Mimi ndiye mwenyekiti mpya wa klabu, na Alhamisi nitahutubia shule nzima. Akasema bila shaka sasa nimeona kuwa kusema wazi kunashinda hila. Nikaitikia kwa moyo wote.

Hotuba iko tayari. Kali, ya lugha mbili, juu ya haki ya msichana kusimama na kujisemea mwenyewe. Ataisoma Shija. Bado hajui, nimeshaandika jina lake kwenye ratiba.

Homa yangu itaanza Jumatano mchana.