Sifuri ya Prezida Nshobole

Bi Dancille Umugwaneza alikosa vitu vifuatavyo: pasipoti, karte ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nyumba ambamo cheti hicho kilitunzwa, kijiji cha Masisi ambamo nyumba hiyo ilisimama, mtu mwenye karatasi wa kumshuhudia, sanduku la safari, sweta, na kurasa za A na B za kamusi yake ya Kifaransa, ambazo mwenye kamusi wa kwanza alifungia karanga. Mapungufu haya yote yaliandikwa na Komite yetu katika nakala tatu, yakapigwa muhuri, na yakatangazwa redioni kama hatua ya kwanza ya ushindi wa taifa.

Herufi hakukosa. Alikuwa na vipande mia moja na viwili, vyote vimekatwa kwa wembe kutoka bidoni ya manjano ya kuchotea maji, na akivimwaga juu ya ubao wake hakuna mtu mjini Goma aliyeweza kumaliza naye mchezo wa Scrabble, ule wa kuunda maneno kwa herufi, akiwa bado na heshima yake.

Mimi ndiye katibu wa Komite ya Maandalizi ya Ushindi. Nilisoma shule ya usiku miaka sita nikiwa tayari baba wa watoto wanne, na tangu hapo sijaacha sentensi bila nukta. Naandika haya kwa kuwa ripoti yangu rasmi haikupata ofisi ya kuipokea.

Komite iliundwa siku ulipofika mwaliko kutoka Lomé, Togo. Padri mmoja mpita njia alikuwa amewatumia waandaaji alama za Bi Dancille, nao wakajibu kwamba watampokea kwenye mashindano ya kimataifa pamoja na wachezaji wengine watatu. Mashindano yenyewe ni rahisi kueleza. Mwamuzi anatangaza herufi saba, zilezile kwa ukumbi mzima. Kila mchezaji anatafuta neno lililo bora, analiandika kwenye kikaratasi, na baada ya dakika tatu vikaratasi vinakusanywa. Basi. Hakuna hotuba.

Prezida wetu, Monsieur Wenceslas Nshobole, aliona upungufu huo wa hotuba mara moja. Pia aliona kwamba waandaaji hawakualika ofisa hata mmoja. Kwa moyo wa kujitolea, yeye, Mama Lucie wa protokoli, pamoja na mimi, tukajiandikisha kuwa wachezaji.

Kisha tukamwita mchezaji.

"Mama, karte ya uchaguzi iko wapi?" Prezida aliuliza.

"Ilibakia ku nyumba, Prezida."

"Na nyumba iko wapi?"

"Waliichoma."

"Uko na karatasi inaonyesha kama waliichoma?"

"Karatasi zote zilikuwa mule mule ndani."

Prezida alifikiri kwa muda unaolingana na cheo chake. "Bon. Leta watu watatu wenye walikuona unazaliwa."

Aliwaleta mchana uleule: wazee watatu waliokimbia naye vita, wanaoishi chini ya shitingi moja, turubai la msaada, nyuma ya karakana za mtaa wa Ndosho. Prezida aliwaomba karte zao. Hawakuwa nazo. Nyumba zao zilikuwa jirani na ile ya Bi Dancille, na moto ule haukubagua.

"Mtu asiyejulikana hawezi kumjulisha mwingine," Prezida alisema, na sentensi hiyo niliiandika kwa wino mwekundu, maana nilihisi itatusaidia siku moja. "Mama, usikasirike. Kisheria, wewe bado haujazaliwa."

"Aksanti, Prezida. Na juzi, nani alikupiga alama mia nne ku hii meza?"

Mama Lucie alikohoa. Prezida alieleza kwamba ule ulikuwa mchezo wa kirafiki, na kwamba yeye alikuwa na mafua.

"Miye siombi mengi," Bi Dancille aliendelea. "Tangu tulikimbia, siko na karatasi hata moja yenye iko na jina yangu. Niko mwalimu wa miaka kumi na tisa, na leo hata mutu wa kugawa maharagwe ananiita 'wewe wa shitingi ya pili'. Ile barua ya Lomé njo ya kwanza. Kama siendi, munirudishie basi barua yangu."

Ombi hilo lilijadiliwa. Ukurasa wa kwanza, wenye jina lake na idadi ya wachezaji, ulikuwa umekwisha kuingia kwenye dosie, na kitu kilichoingia kwenye dosie hakitoki. Lakini Komite haina roho mbaya. Tulimrudishia ukurasa wa pili, ambao hakuna kati yetu aliyeusoma, kwa kuwa haukuwa na jina la mtu yeyote.

Tulisafiri. Ujumbe hauwezi kuvunjwa kwa sababu ndogo kama kukosekana kwa mchezaji. Prezida alikataa pasipoti za kawaida, zile anazotumia kila mchuuzi, akatutafutia pasipoti za kikazi zinazosema kila mmoja wetu ni ofisa wa Biro ya Mashindano ya Akili, ofisi ya serikali iliyosimamia Komite yetu. Karte zetu za uchaguzi tulizifungia kwenye kabati la Biro, kwani ofisa akibeba karatasi mbili anaonekana kama mtu mwenye wasiwasi. Mihuri kumi na moja ya Biro Prezida aliibeba mkononi, kwenye mfuko wa ngozi, hakukubali hata kuiweka chini ya kiti cha ndege.

Alitoa pia agizo la kihistoria: redio ya Goma itangaze mashindano moja kwa moja kwa simu, herufi kwa herufi, "ili wananchi wasikie kila jasho letu."

Ukumbi wa Lomé ulikuwa na meza sitini na mbili. Mwamuzi alitangaza herufi saba za kwanza. Watu waliinamisha vichwa. Prezida alichukua kikaratasi chake, akaandika juu kulia mji na tarehe. Chini yake akaandika namba ya barua. Kisha "Kuhusu: neno". Kisha salamu kwa Mheshimiwa Mwamuzi. Alikuwa anafungua mfuko wa mihuri wakati kengele ilipolia.

"Ile dakika tatu ni za nani?" aliniuliza kwa mnong'ono mkali. "Ofisa gani anaweza kumaliza barua kwa dakika tatu?"

"Andika tu neno, Prezida," nilimwambia.

"Neno bila muhuri, Papa Olivier? Si itakuwa kelele tu!"

Mama Lucie hakuandika kitu, kwa sababu protokoli haiwezi kutangulia. Alikuwa anangoja kikaratasi cha Prezida kwanza ili aweke sahihi ya kuthibitisha. Alikingoja siku mbili, kalamu mkononi, akiwa amekaa wima, na wapiga picha walimsifu sana. Mimi nilipata alama kumi na nne, Prezida alipokwenda msalani. Sitalirudia jambo hili, isipokuwa nikiulizwa.

Jioni ya pili matokeo yalibandikwa ukutani. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya sifuri zetu mbili, ulikuwa na maandishi haya: "Umugwaneza Dancille, Goma. Nje ya orodha. Kwa alama zake angekuwa wa tatu."

Prezida alimwendea mwamuzi. Mwamuzi, mama mpole mwenye miwani, alimwonyesha kanuni iliyoko ukurasa wa pili wa mwaliko: mchezaji aliyezuiwa na vita aweza kucheza pale alipo, mbele ya shahidi, akituma kila neno kwa simu kabla ya kengele. Namba ya simu iko hapohapo chini. Bi Dancille alikuwa ameusoma ukurasa wake. Alikaa chini ya shitingi yake na redio, akapanga vipande vya bidoni kadiri herufi zilivyotangazwa kwa agizo la Prezida, na mwalimu Théoneste, mkimbizi wa Rutshuru aliyebaki na saa ya mkononi na simu, akashuhudia. Mwamuzi alisema kwamba kwa redio ile Bi Dancille angeweza hata kutusikia sisi tukigonga mihuri.

Alinikabidhi bahasha kubwa yenye vitu viwili: cheti cha Bi Dancille, chenye jina lake lote kwa herufi za dhahabu na neno "Goma" chini yake, na orodha ya matokeo yote.

Tulirudi kupitia Gisenyi, upande wa Rwanda. Tulipofika kwenye barrière, kizuizi cha mpakani, hatua chache kutoka kwetu, tulikuta kwamba katika siku zile nne vita vilikuwa vimefanya mabadiliko ya utawala. Mezani walikaa watu wengine, wenye muhuri mwingine.

Kijana wa mezani aliifungua pasipoti ya Prezida kwa vidole viwili. "Biro ya Mashindano ya Akili. Hiyo ilifungwa siku ya pili ya juma. Haiko."

"Lakini miye niko!"

"Uko ofisa wa biro yenye haiko. Biro haikukutuma, kwa hiyo haukuenda. Na mutu mwenye hakuenda, atarudi namna gani?"

Kwa uaminifu wa kikazi ni lazima nikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa imejengwa vizuri. Hata Prezida aliitambua. Ilikuwa na mwendo wake mwenyewe.

"Karte ya uchaguzi?"

"Iko ku kabati ya Biro," alisema Mama Lucie.

"Kabati tulichoma jana. Hapakuwa na kuni. Mulete barua ya mukaaji wa Goma mwenye anajulikana, mwenye karatasi yake haitoki ku upande wowote wa hii vita."

Mimi waliniangalia tu. "Muzee, pita," yule kijana alisema, bila kuniomba hata karatasi moja. Sijawahi kudharauliwa namna ile. Nilipita.

Nyuma yangu, Prezida na Mama Lucie walipewa mkeka mmoja mmoja katika ukumbi wa parokia huko Gisenyi, pamoja na wengine waliokimbia. Walikuwa wamevaa trening, suti za michezo, za rangi ya bendera. Mtu wa kugawa maharagwe aliwaita "ninyi wa trening".

Nilimkuta Bi Dancille kule Ndosho, anaosha vipande vyake vya bidoni kwenye bakuli. Nilimpa cheti. Alikishika kwa ncha za vidole, akalisoma jina lake bila sauti, akalirudia, kisha akakiingiza kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko huo kwenye kamusi, mahali ambapo zamani palikuwa A na B. Ndipo akaniuliza habari za safari.

Nilimweleza yote.

"Kwa hiyo miye njo mukaaji mwenye anajulikana?"

"Kwa sasa, mama, ni wewe peke yako."

"Prezida alizaliwa wapi?"

"Sijui kabisa. Kusini huko."

"Nani alimuona anazaliwa?"

"Mama Dancille, tafadhali."

"Nauliza tu, Papa Olivier. Wewe njo uliniandikia ile maneno na wino mwekundu: mutu asiyejulikana hawezi kumujulisha mwingine. Sasa miye nitamujua na nini? Kuko karatasi gani ya inje yenye iko na jina yake?"

Nilijua iko moja tu. Niliichelewesha mfukoni kadiri nilivyoweza. Prezida alikuwa amenisihi kwenye barrière, kwa machozi, nisiionyeshe kwa mtu yeyote. Bi Dancille alinyosha mkono, nami nikampa orodha ya matokeo. Aliisoma kutoka juu hadi chini, na alipofika chini hakucheka. Alikuwa mwalimu miaka kumi na tisa. Sifuri aliwahi kuziona.

Kisha akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni:

"Mimi, Dancille Umugwaneza, mkaaji wa Goma, nashuhudia kwamba Wenceslas Nshobole alizaliwa, na Mama Lucie pia. Sikuwaona wakizaliwa, lakini nimeona alama zao. Orodha iko humu ndani. Muwaruhusu wapite. Mtu akipata sifuri mbele ya nchi nzima, ni kweli alikwenda."

"Mama," nilisema, "ile orodha ni lazima iende?"

"Bila ile, hana ushahidi."

Nikamkumbusha, kama katibu, kwamba barua isiyo na muhuri haina nguvu.

"Si Prezida iko nayo kumi na moja? Aipige yeye mwenyewe, pale pale kando ya jina yake."

Alikunja barua pamoja na orodha, akaviingiza kwenye bahasha, akachovya kidole kwenye bugali ya mchana na kuufunga ukingo wake. Mama mmoja wa soko la Kituku alikuwa anapita na beseni la sambaza kichwani, yule anayevuka kwenda Gisenyi kila siku bila kuulizwa jina. Bi Dancille alimwita, akaiweka bahasha chini ya samaki, akamwambia aikabidhi mezani, mkononi mwa yule kijana, na asingoje jibu.