Paja la Papa Kataliko

Modeste alikuwa ameingia dukani kuulizia shati asilokusudia kulinunua, ndipo akamwona mwenye duka amelishika paja lake la kushoto kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke. Akasahau shati. Mtu mwenye duka kubwa na hofu kubwa ndiye mtu ambaye Modeste alikuwa akimtafuta tangu Pasaka.

Mwaka ule serikali ilikuwa imewanyang'anya wageni maduka na kuwagawia wananchi. Papa Kataliko, Mnande aliyezoea kuleta maharagwe kwa lori kutoka Butembo, akajikuta na duka la nguo la Mgiriki mmoja wa Goma. Tangu hapo usingizi ukampotea. Nyama ya paja ikaanza kurukaruka yenyewe, halafu kope, halafu kidole gumba. Hospitalini walimwambia ni uchovu tu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana aliamini daktari akisema uchovu amekwisha kuona kaburi. Alikuwa na watoto wadogo na hakutaka kufa.

Modeste, ambaye jina lake la ubatizo serikali ilikuwa imelikataza pamoja na majina yote ya Kizungu, ingawa watu wa mtaa wa Murara waliokuwa wakimsaka waliendelea kulitumia, alijitambulisha kuwa mtaalamu wa mishipa aliyetoka Kinshasa. Haukuwa uongo mtupu. Aliwahi kumbebea nesi mmoja sanduku la dawa, na siku alipofukuzwa sanduku lilirudi bila kipimo cha moyo.

Alikiweka kipimo hicho juu ya paja, akafumba macho, akasikiliza. Akauliza kama goti nalo linacheza. Kataliko alikuwa hajawahi kulifikiria goti; walipolitazama pamoja, likacheza.

"Papa, duka njo iko inakula mishipa yako," Modeste akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Kila wakati unawaza duka, mushipa moja inakufa. Ukiendelea, itafika ku moyo."

"Sasa nifanye je, Docteur? Niko na batoto."

Dawa ilikuwa kupumzika Mugunga kwa mdogo wake: asilione duka, asisikie habari zake, asilitaje. Nani angelitunza? Modeste akasitasita kiungwana, kisha akakubali kujitolea. Mama Philomène, mkewe Kataliko, aliyekuwa akikunja vitenge kimya, akasema mtu mwema namna hii haifai afanye kazi bila cheo. Kesho yake akawaongoza wote wawili hadi ofisi ya serikali, na Modeste akatia sahihi kuwa yeye ndiye gérant, mwenye kujibu juu ya kila kitu kilichomo dukani. Aliitia kwa madaha, na mkia mrefu chini ya jina.

Kataliko alipoondoka tu, Modeste akaleta lori. Akapanda ngazi, akashusha katoni ya kwanza. Ilikuwa nyepesi mno. Ya pili ilikuwa na upepo. Akazifungua zote huku jasho likimtoka, na zote zilikuwa tupu. Nguo halisi zilikuwa zile chache zilizotundikwa mbele. Nyingine wakubwa wa mji walikuwa wamezibeba, kila mmoja akiacha kikaratasi kwamba atalipa, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Sasa mkaguzi wa serikali alikuwa njiani, na hiyo ndiyo hofu iliyokuwa ikimchezesha Kataliko mwili mzima. Maskini alikuwa ameshughulika sana na kufa hata akasahau kumwambia daktari wake. Mama Philomène hakusahau. Aliona tu kwamba hakuulizwa.

Mkaguzi akafika lori likiwa bado mlangoni, injini inanguruma. Alikuwa mtu mnene, mpole, ndani ya abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali. Akatazama rafu, akatazama lori, akatazama sahihi yenye mkia. Akataka kujua mali imekwenda wapi.

Modeste akapitisha kichwani uongo wote aliowahi kuutumia, kutoka Goma mpaka Bukavu. Hakuna hata mmoja uliomfaa. Aliogopa gereza kuliko kitu chochote duniani, na kwa mara ya kwanza maishani akaona ukweli ndio njia ya mkato.

"Chef, miye si gérant," akasema. "Miye ni mwizi. Nilikuja kuiba, nikakuta wamekwisha kuiba."

Mkaguzi akavuta kiti, akaketi, akafungua kalamu bila haraka. Mwaka ule alikuwa amekagua maduka mengi.

"Citoyen," akasema, "wenye maduka wote nilionaka ni wezi. Ile haikatazake mutu kuwa gérant. Mali iko wapi?"