Lifti Mbovu, Afya Njema

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Ubaoni pametundikwa habari: Wiki ya Afya na Ustawi kwa wanafunzi na wafanyakazi wote wa chuo. Na Ijumaa, mbele ya ukumbi mzima, Makamu Mkuu wa Chuo atamtangaza Mratibu wa Ustawi. Mratibu! Kitambulisho chake mwenyewe. Meza yake mwenyewe. Labda na dirisha.

Moyo umenidunda pale pale. Karani wa mitihani mimi, miaka yote nimefungiwa ghorofa ya sita na mihuri na makabati, kumbe nilikuwa naisubiri kazi hii bila kujua.

Nikamweleza mke wangu wakati wa chakula. Yeye ni nesi wa zahanati ya chuo, nikajua atafurahi. Akauliza kama Mratibu anayesemwa ndiye huyu anayetaka soda ya pili wakati kifungo cha suruali kimeshasalimu amri. Nikamjibu kwamba kocha wa mpira halazimiki kufunga magoli mwenyewe. Akacheka mpaka akashika meza.

Halafu habari mbaya. Shemeji naye anautaka uratibu huo! Mdogo wake mke wangu, mwalimu wa michezo hapa hapa chuoni. Kijana ana kifua kama kabati, anavaa fulana za kubana hata misibani. Eti atakimbia na watu asubuhi. Kukimbia! Hilo nalo ni wazo? Yeye ana misuli. Mimi nina ubongo. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi. Jua halijatoka, niko chini ya mabweni na filimbi mdomoni. Mpango: wanafunzi waamke, washuke, tunyooshe viungo pamoja. Makamu Mkuu apite na gari lake, aone uwanja mzima unarukaruka, mimi katikati kama jemadari.

Nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena, mapafu yote. Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, sauti ikauliza kwa adabu kabisa nani amekufa. Nikapaza sauti kwamba hakuna aliyekufa, na ndiyo sababu tunafanya mazoezi. Likafunguka dirisha la jirani yake. Ndoo ya maji! Nadhani maji hayo yalikuwa yameshatumika kufulia soksi.

Lakini kilichoniuma si maji. Walioamka kwa kelele zangu walishuka, wakamkuta shemeji anapita mbio, wakamfuata. Kundi zima! Shemeji akanipungia mkono. Shikamoo shemeji, akasema, mbona umelowa?

Naandika hapa ili ijulikane: waliamshwa na mimi. Yeye aliwaokota tu.

Mke wangu amenipa taulo na dawa ya mafua. Ila mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumatano, 5 Machi

Baina ya chafya na chafya nimepata wazo la maisha yangu. Lifti!

Jengo letu kubwa lina ghorofa saba na lifti moja. Watu wanaipanda hata wakienda ghorofa ya kwanza. Watu wazima, wenye shahada! Wakitumia ngazi, miguu itakaza, mioyo itaimarika, vitambi vitasahaulika. Ukiwaomba hawatakubali. Basi unawasaidia bila kuwaomba.

Nikachukua kalamu ya wino mzito na karatasi nzuri. LIFTI MBOVU. TUMIA NGAZI. Nikabandika mlangoni kabla ofisi hazijafunguliwa.

Raha gani hii! Mkuu wa kitivo anapanda, koti begani. Wahasibu wanahema kama wamefukuzwa na mbwa. Wahadhiri wawili waliokuwa wamenuniana mwaka mzima wamesimama ghorofa ya tatu, kila mmoja anamuuliza mwenzake kama yuko hai. Shemeji ana kundi la wakimbiaji. Mimi nina jengo zima!

(Mimi mwenyewe nilisubiri pakawa kimya, nikapanda lifti. Jemadari lazima ajitunze.)

Mchana, balaa. Nani aliyempigia simu fundi? Fundi lifti amekuja na sanduku lake. Nikamwambia asijisumbue, pengine imepona yenyewe. Akanitazama. Akasema tangu aanze kazi hii hajaona lifti inayopona yenyewe. Akaifungua. Hakuona kasoro. Jambo hilo likamtia wasiwasi, akafungua zaidi. Jioni nilipotoka, nusu ya lifti ilikuwa imetandazwa sakafuni juu ya magazeti, fundi katikati yake anakuna kichwa. Kuna kifaa kimemvunjikia mkononi. Kipya kinaagizwa mbali.

Kwa hiyo tangazo langu sasa ni la kweli. Sikudanganya mtu. Niliwahi kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi za majibu ya mitihani zimefika. Mabunda kwa mabunda. Zinakwenda ghorofa ya sita. Na karani wa mitihani ni nani? Ndiye huyu.

Ghorofa ya kwanza nilikuwa naimba. Ya pili niliacha kuimba. Ya tatu nikampita profesa wa historia, mzee wetu mwenye nyonga mbovu. Amekaa ngazini na fimbo yake, anafundishia hapo hapo kwa kuwa darasa lake liko juu na hawezi kufika. Wanafunzi wamemzunguka. Nikajiambia: tazama, mafunzo yenye hewa safi! Lakini sikumtazama machoni.

Ya nne, pale ngazi zinapogeuka, miguu ikagoma. Nikaketi juu ya bunda. Ndipo nikaona siko peke yangu. Binti wa mwaka wa kwanza amejikunyata pembeni, uso kwenye mkoba. Analia.

Ninayo hotuba nzuri sana kwa ajili ya watu wanaolia. Ina sehemu kadhaa. Nikafungua kinywa, ukatoka mluzi. Pumzi hakuna! Yeye akainua uso, akaniona nimemkodolea macho, akaanza kusema mwenyewe. Kwamba halali vizuri tangu muhula uanze. Kwamba hesabu zimemshinda, na nyumbani baba yake ameshawatangazia majirani kuwa binti yake ni mhandisi. Kwamba wenzake chumbani wanacheka na yeye anacheka nao, na hakuna anayejua. Kwamba alikuwa anakwenda ghorofa ya saba kujiondoa chuo, ila lifti ni mbovu, akachoka, akakaa.

Mimi koo limekauka kama karatasi. Kando yake, karibu na simu, ilikuwepo chupa ya maji. Nikainyooshea kidole.

"Ma... ma..." nikasema.

"Mama?" akauliza.

"Ma... ma...!" Nilikuwa karibu kuzimia.

Akaitazama simu. Akasema kwa sauti ndogo, "Kweli. Mama sijamwambia."

Akampigia. Akalia, akacheka kidogo, akalia tena. Mimi nikaifikia chupa, nikanywa yote. Alipokata simu akasimama, akajifuta uso.

"Asante, baba," akasema. "Tangu nije hapa hakuna aliyenisikiliza bila kunikatiza."

Pumzi ilipopatikana nikamwelekeza zahanati, kwa nesi. Nikamwambia nesi huyo ni mke wangu, aseme nimemtuma. Kabla ya kwenda akanibebea bunda moja mpaka ofisini. Mtoto mzuri.

Jioni mke wangu kanitazama kwa muda mrefu. Amesema binti amefika. Wamekaa, wamezungumza, kesho ataonana na mshauri, na amepatikana mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kumsaidia hesabu. Haondoki chuo. Halafu akaniuliza nilijuaje kwamba alihitaji kumpigia mama yake.

Nikasema ni kipaji.

Amenipakulia mnofu mkubwa kuliko wote.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi wa ghorofa ya pili umejaa pomoni! Mlangoni mke wangu alikuwa anapima watu presha. Akanipima. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akanipima tena. Nikasema mashine hiyo ni mbovu. Akasema kwamba mimi wiki hii naona kila kitu ni kibovu isipokuwa nafsi yangu, na Jumatatu niende kwa daktari. Nikaahidi. Nilikuwa na mambo makubwa zaidi.

Shemeji akapiga pushapu jukwaani kwa mkono mmoja. Ukumbi ukalipuka. Nikahesabu nimekwisha.

Kumbe bado! Makamu Mkuu akasimama. Akasema amesikia habari za mtu aliyeketi ngazini akamsikiliza mwanafunzi mpaka mwisho, na kwamba kama ustawi una sura basi ni hiyo. Binti akasimama, akaninyooshea kidole. Makofi! Mke wangu anajifuta macho! Shemeji naye alipiga makofi, tena kwa moyo, jambo lililoniudhi. Nikaitwa mbele. Nikapewa kipaza sauti.

Mtu mwingine angesema asante akashuka. Lakini mimi nikaona, mbona wanaijua nusu tu ya kazi yangu? Nikavuta pumzi.

"Na lile tangazo la lifti pia ni langu!" nikasema. "Lifti ilikuwa nzima kabisa!"

Kimya. Nilidhani wanatafakari.

Kutoka nyuma fundi lifti akapiga kelele, "Kumbe ni wewe!" Mkuu wa kitivo akavua miwani. Profesa wa historia ndiyo kwanza alikuwa anaingia, mwanafunzi kamshika huku na mwingine huku, jasho linamtiririka. Hakukasirika. Aliuliza tu, taratibu, "Mwanangu, mbona hukuniuliza mimi nitapandaje?"

Hilo liliniingia. Nikatazama viatu vyangu. Nikamwomba radhi mzee, mbele ya watu, na nilimaanisha.

Mratibu wa Ustawi ni mke wangu. Ametangazwa papo hapo. Shemeji ni msaidizi wake. Darasa la profesa limehamishiwa chini, na vitabu vyake vyote vitashushwa na mimi, kwa mgongo. Kisha mke wangu, kwa amri yake ya kwanza, ameagiza benchi na maji ya kunywa kila pale ngazi zinapogeuka, na mtu wa zamu wa kuwasikiliza wanaotaka kusikilizwa. Mimi nimepangiwa ghorofa ya nne.

Kwa sharti nisiongee.

Jumatatu, 24 Machi

Lifti inatembea. Mabenchi yamebaki, na watu wanakuja hata hivyo. Wanafunzi, wahadhiri, Ijumaa mhasibu mmoja alilia juu ya talaka yake na mimi nikauma ulimi. Daktari amenipa vidonge vya presha, navimeza. Mke wangu anasema nimebadilika.

Nimebadilika kweli! Nimetafakari makosa yangu yote, nimeona wapi nilikosea. Tangazo halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kulisema kwenye kipaza sauti. Na lifti ni kitu kidogo mno.

Mke wangu ametuambia kwenye kikao kwamba shida kuu ya wanafunzi sasa ni usingizi. Wanakesha na simu, taa zinawaka mabweni yote. Anapanga semina. Semina! Shemeji anapanga mabango. Nimewasikiliza kimya, kama nilivyofundishwa, huku moyo unaruka kwa furaha. Kwa sababu nyuma ya jiko la mabweni kuna swichi kuu ya umeme. Haina kufuli. Nimepitia pale mchana huu, kuijaribu tu, nione kama inafaa.

Inafaa sana. Inashuka kwa kidole kimoja.

Kuipandisha ndiko bado sijaweza.