Mashine Iliyosubiri Chai

Katika duka moja la Nachingwea, ambalo zamani lilikuwa la kupiga chapa, Gwakisa aliikuta kompyuta imewekewa fungu la vitunguu juu yake. Mtu mwingine angenunua vitunguu akaenda zake. Gwakisa alinunua vyote viwili.

Alikuwa mtu wa Mbeya, aliyeletwa kusini na kazi ya ukarani. Kazi ilimwacha, yeye akabaki, kwa sababu ulimi wake ulikuwa na faida kuliko kalamu. Mungu amrehemu, ulimi ule ungeweza kuuuzia mti kivuli chake wenyewe.

Vile vitunguu vilifungwa kwa gazeti, na Gwakisa, ambaye hakuacha maandishi yapite bure, alilisoma lote. Liliandika kwamba ng'ambo kuna mashine zenye akili bandia, zinazofanya minyororo ya ugavi iwe endelevu na stahimilivu. Hakuelewa. Lakini alijua tajiri Habibu naye hataelewa, na jambo ambalo wawili hawalielewi, anayelisema kwanza ndiye mwalimu.

Ulikuwa msimu wa korosho wa mwaka 2008. Mbekenyera kulikuwa na lori bila korosho, Malolo kulikuwa na korosho bila magunia, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa vikao. Habibu, mwenye ghala pale Ruangwa, alikuwa akinunua kwa kangomba, yaani kwa bakuli, bila mizani, kwa mkulima aliyebanwa na shida. Serikali ilikuwa imepiga marufuku. Habibu aliitii serikali sana akiwa mbele yake.

Gwakisa akapanga chumba Ruangwa, kando ya kibanda cha chai pale yanaposimama malori. Akaweka kompyuta, printa kuukuu na jenereta ndogo, kisha akamwita tajiri.

"Inafikiri?" Habibu aliuliza, akiizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Kuliko mimi na wewe, tajiri. Hii ni akili bandia."

"Bandia? Mimi vitu bandia sinunui."

"Hata meno bandia yanatafuna, tajiri. Iulize chochote cha usafirishaji. Mnyororo wako utakuwa endelevu. Na stahimilivu."

Habibu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetamani kuwa stahimilivu tangu utoto. "Haya. Lori langu kesho lipite wapi?"

"Ipe saa moja. Na tutoke nje. Ni kama kuku anayetaga, haipendi kutazamwa."

Gwakisa akaenda kunywa chai.

Mwenye kibanda alikuwa Mwamini, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa Malolo. Hakuna dereva aliyekunywa chai kwake bila kuulizwa: umetokea wapi, umepita wapi, nani amekwama, amebeba nini. Watu walidhani ni umbea. Haukuwa umbea. Korosho zake na za kaka yake, mavuno ya mwaka mzima, zilikuwa zimelundikwa chini katika chumba cha kaka yake, chini ya paa la nyasi linalovuja. Magunia ya chama cha msingi cha wakulima yalikuwa yamepotea njiani tangu Septemba. Mvua ikiwahi, korosho zitakuwa nyeusi, au zitamwendea Habibu bakuli kwa bakuli kabla hazijawa nyeusi. Kwa hiyo Mwamini aliuliza. Alitafuta magunia kwa masikio.

"Shikamoo, mama. Barabara zikoje leo?" Gwakisa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njia ya Mbekenyera haipitiki. Lori la Kaimu limelala pale tangu juzi, na utingo wake jino linamuuma, hata kusukuma hawezi. Wapitie Nkowe, kule ni kukavu."

Gwakisa alirudi, akagonga vitufe, printa ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikatoa karatasi. Lori la Habibu likapita Nkowe na kurudi salama, wakati malori mengine manne yamezama. Tajiri aliibusu ile karatasi.

Wiki tatu mambo yalikwenda hivyo. Mashine ilijua daraja lililolegea. Ilijua mzani uliokuwa na foleni. Ilijua dizeli imekwisha wapi. Ajabu ni kwamba haikuwahi kujua kitu kabla ya chai. Malipo ya Gwakisa yalikuwa magunia kumi ya korosho safi, ambayo tajiri alimpa kwa furaha, na Mwamini alilipwa bei ya chai, tena siku nyingine Gwakisa alisema hana chenji.

Hadi asubuhi moja Habibu alipoketi kibandani na karatasi yake, akijivuna.

"Nyie wanawake mnapika tu, dunia imekwenda mbele. Sikia mashine ilivyoniambia siku ya kwanza: 'Lori la Kaimu limelala, na utingo wake jino linamuuma.' Mashine, Mwamini! Inajua mpaka jino!"

Mwamini aliendelea kumimina chai. "Subhanallah," alisema. "Kumbe nina jirani mwenye akili namna hii."

Siku hiyohiyo kuli mmoja, akitafuna mhogo wake, alimnong'oneza jambo: magunia ya chama yamo ghalani kwa Habibu, mia sita, yamegeuzwa ndani nje ili chapa ya kijani isionekane. Kumshitaki tajiri bila ushahidi ni kuchokoza nyuki kwa kidole. Mwamini alisali Adhuhuri, akakaa kwenye mkeka kitambo, kisha akainuka akiwa na uso wa mtu aliyejibiwa.

Kesho yake Gwakisa alipokuja, alimkuta Mwamini amekwisha kumwekea kitumbua.

"Mama, korosho nyingi ziko wapi sasa?"

"Malolo, baba. Watu wamekata tamaa, watauza hata kwa bakuli. Ila hawana pa kutilia. Mtu akiwapelekea magunia leo, wakajaza wenyewe usiku, kesho jioni akienda anakuta zimefungwa, kazi yake kupakia tu. Lakini nani ana magunia siku hizi?" Akahema. "Hakuna."

Printa ililia. Habibu alisoma, akacheka peke yake. Yeye ndiye mwenye magunia! Lori likaondoka kabla ya saa sita, na Mwamini akaomba lifti.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtoto wa Malolo analijua, na Habibu, aliyeishi kwa bakuli maisha yake yote, hakulijua. Gunia tupu halijazwi kama lilivyokuja. Kwanza linapigwa ukutani, linageuzwa, linakung'utwa wadudu na vumbi, ndipo linajazwa. Watu wa Malolo waligeuza gunia la kwanza, wakaona chapa ya kijani. Wakageuza la pili. Kisha wakageuza yote, kimya kimya, na kujaza.

Kesho yake jioni Habibu aliwasili na bakuli zake. Akakuta safu ya watu wakibeba magunia kwenda ghala la chama, mizani imetundikwa, na karani Makrina akiandika stakabadhi. Mwenyekiti wa chama, mzee Enock, alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Tajiri, Mungu akubariki. Umeturudishia magunia yetu. Tuliyatafuta tangu Septemba!"

Habibu aliitazama ile chapa ya kijani, mia sita yake. Akamwona askari wa kata amekaa kwenye kiti cha heshima, akinywa uji.

"Ni... ni wajibu," alisema.

Shehe wa kijiji akainua mikono na kumwombea dua ndefu, mali yake iongezeke, moyo wake uzidi kuwa mwepesi. Habibu akaitikia amina. Hakuwahi kuitikia amina yenye uzito kama ile.

Ruangwa, Gwakisa alipata habari kwa dereva wa lori, naye akajua kwamba tajiri akirudi ataanza na yeye. Alikodi pikapu, akapakia mashine na magunia yake kumi, halafu akasimama. Aende wapi? Kibanda cha chai kilikuwa kimefungwa. Hakuna wa kumuuliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliitazama ile kompyuta kwa imani. Wiki tatu haijakosea hata mara moja! Akaishusha, akaiwasha, akaandika: niende wapi? Printa ikalia, ikatoa nakala ya karatasi ya jana iliyokuwa imekwama tumboni mwake: MALOLO.

"Ina akili," Gwakisa alijiambia. "Atanitafuta Nachingwea, atanitafuta Nkowe. Malolo hataniwazia." Mwongo akianza kuamini uongo wake mwenyewe, shetani anaweza kwenda likizo.

Pikapu ilisimama mbele ya ghala la chama. Habibu aligeuka.

"Na haya je?" mzee Enock aliuliza. Akakunja mdomo wa gunia moja nje. Chapa ya kijani. "Na kumi mengine! Tena yenye korosho! Jamani, leo siku gani hii?"

"Ni... zawadi," Gwakisa alisema.

Wale wawili wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na maneno mengi, na kila neno lilikuwa na pingu zake.

"Mashine yako," Habibu alisema, meno yameumana.

"Haikukosea, tajiri. Ilisema magunia yaende Malolo. Yamekwenda."

Hapo tone la kwanza lilianguka, nene kama kunde. Nje kulikuwa bado na magunia zaidi ya hamsini, na katikati yake yale ya Mwamini na kaka yake. Kijiji kizima kikakimbilia mizigo. Enock aliwapiga mabega wafadhili wake wawili, akawageuza kwa upole kuelekea lundo, na askari wa kata akaweka uji chini kuwatazama.

Mwamini alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, mtandio umelowa, akionyesha kwa kidole.

"Kushoto, mwanangu Gwakisa, juu ya mbao. Wewe tajiri, hapana, siyo hapo, panavuja. Inua tena. Peleka kule nyuma. Kisha urudi, bado yapo."